Hujambo, Mzee Wetu?

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Yohana 5:1-9)



Twawaamkia nyote: ninyi mlio Voi mjini, ninyi wa Mwatate na Taveta, ninyi mlio juu milimani Dawida, Sagalla na Kasigau. Hasa twawaamkia wazee wetu mnaotusikiliza mkiwa kitandani, au mmeketi kwenye kiti mlangoni, kwa sababu miguu haiwapeleki tena kanisani kama zamani. Mazungumzo ya leo ni yenu. Lakini twaomba vijana nao wasiondoke, maana neno lenyewe litawagusa wao kuliko wanavyodhani.

Twataka kuanza na salamu. Sisi tusemao Kiswahili tukikutana twaulizana, "Hujambo?" Na jibu liko tayari midomoni: "Sijambo." Ni kama kusema, sina jambo, hakuna baya lililonipata. Hata mtu aliyekesha usiku kucha kwa maumivu ya magoti hujibu hivyo hivyo. Kisha, baada ya kitambo, huongeza kwa sauti ya chini, "Ila miguu tu." Wengi wetu hatuingoji hiyo "ila". Tumekwisha kupita.

Twawaomba ruhusa tuwasimulie habari yetu wenyewe, ingawa si ya kujisifu.

Miaka michache iliyopita, sisi wa kikundi cha kuwatembelea wagonjwa tulikuwa na nyumba mbili katika orodha yetu. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Voi mjini. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja mjane, aliyekaa chini ya mlima Sagalla, upande ule ambao ndovu huingia mashambani wakati wa ukame. Wote wawili walikuwa wamepita miaka 70. Wote wawili walikuwa na presha pamoja na sukari, na wote wawili walikuwa wameambiwa na daktari kwamba vidonge vile ni vya maisha, visiachwe hata mwili ukijisikia vyema.

Kwenda kwa mzee kulikuwa kama kwenda arusini. Tulipobisha hodi tu, kicheko chake kilitangulia kutoka. Chai iliwekwa. Tulipomwuliza hali, alijipiga kifua na kusema, "Wanangu, mimi ni mzima kama chuma cha reli!" Kisha akatuimbia wimbo, akatuombea sisi tuliokuja kumwombea. Tulirudi tumechangamka. Jumapili tulisimama mbele ya kanisa tukasema, "Tazameni imani ya mzee wetu."

Kwa mama mambo yalikuwa mengine. Tulipomwuliza hali, alianza kichwani akaishia unyayoni. Macho yalikuwa na ukungu, miguu ilikuwa na ganzi, usingizi ulikuwa umempotea. Mvua haikunyesha, ndovu wamekula mahindi, mwanawe aliye Mombasa haleti habari. Alivimwaga vidonge vyake juu ya mkeka, akavihesabu, akatupa pakiti tumsomee maandishi yake tena, ingawa tulikuwa tumemsomea mara ya mwisho na mara ya kabla ya hapo. Tulipokuwa tukirudi, mmoja wetu alisema, "Mama huyu amejaa manung'uniko. Imani yake ni haba." Hakuna kati yetu aliyebisha. Na bila ya kuamua kwa maneno, tukajikuta twaenda kwa mzee kila baada ya wiki mbili, na kwa mama mara moja katika miezi miwili.

Siku moja asubuhi tukaletewa habari kwamba mzee ameanguka. Ilikuwa kiharusi. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Tulipokuwa tumekaa naye hospitalini, binti yake alitutoa nje akatuambia jambo. Mzee alikuwa ameacha dawa tangu miezi sita. Vidonge vilikuwa katika kopo chini ya kitanda. Binti akasema, "Alikuwa akijisikia vizuri. Tena aliona haya ninyi watu wa kanisa mje mmkute anameza dawa, baada ya kushuhudia kwamba yeye ni mzima."

Ndugu zetu, maneno yale yalituchoma. Tulidhani tunaisifu imani yake, kumbe tulikuwa tukimfungia mlango wa kusema kweli.

Na yule mama? Tulikwenda kwake wiki ile ile, kwa aibu. Tukaiomba daftari yake ya kliniki tukaitazama. Hakuwa amekosa hata tarehe moja. Alikuwa akiondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, awahi matatu ya kushuka Voi. Nauli aliitoa katika zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, ambazo serikali ilianza kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 mwaka 2018. Huyo ndiye tuliyemwita mwenye imani haba.

Tangu hapo tumeuliza na kusoma, tupate kuelewa yaliyotupata. Yako mambo ambayo wataalamu wamechunguza, na twaona yafaa myasikie.

Huko Kanada, katika jimbo la Manitoba, mwaka 1971 wazee zaidi ya 3,000 waliotimiza miaka 65 na kuzidi waliulizwa swali moja jepesi: kwa umri wako, afya yako waionaje? Ni nzuri sana, nzuri, ya kadiri, au mbaya? Wachunguzi walikuwa pia na habari za matibabu yao. Miaka ikapita, wakatazama ni nani waliokufa na ni nani waliobaki. Matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Wale waliosema afya yao ni mbaya walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara tatu kuliko waliosema ni nzuri sana, hata baada ya kulinganisha umri wao na magonjwa yaliyojulikana na madaktari. Mwaka 1997 wataalamu wawili, Ellen Idler na Yael Benyamini, walikusanya uchunguzi wa namna hiyo 27 kutoka nchi mbalimbali, na karibu wote ulisema jambo lile lile. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Mwanangu, siku hizi siwezi," usimwambie mashine haikuonyesha kitu. Huenda mwili wake umekwisha kuhisi jambo ambalo mashine haijalifikia.

Lakini habari haiishii hapo. Watu hawakuumbwa na tabia moja. Yuko aliyezaliwa na wasiwasi, ambaye kila kivuli kwake ni nyoka. Yuko mchangamfu, yuko mpole, yuko mwenye kupenda mambo mapya, yuko mwangalifu ambaye hulala baada ya kukagua kila komeo. Wamarekani wawili, Paul Costa na Robert McCrae, waliandika mwaka 1987 kwamba watu wenye tabia ya wasiwasi husema maumivu mengi zaidi, lakini wingi wa malalamiko yao si dalili ya hakika kwamba miili yao ni migonjwa kuliko ya wenzao. Maumivu wanayasikia kweli, hawadanganyi. Ila nafsi zao ni kama ngozi nyembamba: upepo mdogo nao huwafikia.

Sasa sikieni la ajabu. Huko Kalifonia, tangu mwaka 1921, watoto zaidi ya 1,000 walianza kufuatwa na wachunguzi maisha yao yote, na tabia zao zikaandikwa. Mwaka 1993 Howard Friedman na wenzake walitazama ni watoto wa tabia gani walioishi miaka mingi. Twadhani kila mmoja wetu angejibu, "Wachangamfu!" La. Wale watoto wachangamfu na wenye mzaha hawakuishi zaidi ya wenzao. Kwa wastani waliishi pungufu. Walioishi zaidi ni wale waangalifu, wenye kutimiza walilopangiwa. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mama yetu wa Sagalla, akihesabu vidonge juu ya mkeka.

Presha ni ugonjwa unaonyamaza. Mara nyingi hauumi, hauwashi, haumzuii mtu kucheka wala kuimba. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alionekana ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kwa hiyo mtu asiseme, "Najisikia vyema, basi mimi ni mzima." Kujisikia vyema ni zawadi ya Mungu, tumshukuru kwayo, kisha tumeze vidonge.

Haya, tumwendee Bwana wetu, tumwone alivyouliza yeye.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, twasoma habari za birika la Bethzatha, na matao yake matano yaliyojaa wagonjwa. Hapo palikuwa na mtu aliyekuwa hawezi kwa muda wa miaka 38. Fikirini, wazee wetu, ninyi mlio na ugonjwa wa miaka 5, wa miaka 10, wa miaka 20. Miaka 38! Watu walikuwa wamekwisha kumzoea kama wanavyolizoea jiwe la njiani. Yesu akamwona, akajua kwamba amekaa hali hiyo siku nyingi, akamwuliza kama anataka kuwa mzima.

Mtu yule hakujibu ndiyo wala hapana. Alilalamika. Alimweleza Bwana kwamba hana mtu wa kumtia birikani, na kwamba kila akijaribu kwenda, mwingine humtangulia. Kama sisi tungalikuwapo siku ile na kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa, huenda tungalisema njiani, "Huyu naye! Ameulizwa swali jepesi, yeye analeta manung'uniko." Bwana Yesu hakumkemea. Alimsikiliza mpaka mwisho, na baada ya kumsikiliza ndipo akamwambia asimame.

Na tulisikie vizuri lile lalamiko lake, maana ndani yake liko jambo ambalo wazee wengi wa Taita wangelisema leo kama wangalipata wa kuwasikiliza. Hakuanza na miguu wala mgongo. Alianza na kutokuwa na mtu. Ugonjwa wake ulikuwa wa mwili, lakini uchungu wake ulikuwa wa upweke. Hata mama yetu, tukikumbuka sasa, alipokuwa akihesabu maradhi yake kila mara alimalizia na yule mwana wa Mombasa. Sisi tulisikia kichwa na miguu, hatukusikia jina la mtoto.

Yuko mwingine wa kutufundisha, naye ni mtume Paulo. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, aeleza kwamba alikuwa na mwiba mwilini. Hakuuficha ili aonekane shujaa. Aliuandika katika barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima. Alimwomba Bwana mara tatu aondolewe, na jibu alilolipata ni kwamba atapewa neema ya kuuchukua. Mwiba ukabaki, neema ikaongezeka. Paulo huyo huyo alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa hawezi, na hakuona haya kumwandikia Timotheo habari hiyo. Naye Timotheo, aliyekuwa na udhaifu wa mara kwa mara tumboni, hakuambiwa imani yake ni haba; alishauriwa namna ya kulitunza tumbo lake.

Basi twajifunza nini?

Kwanza, kwenu wazee mliozaliwa na moyo wa kuchangamka. Uchangamfu wenu ni taa ya nyumba, msiizime. Lakini ushuhuda wa Mkristo hauharibiki kwa kusema, "Leo siwezi." Mungu hatukuzwi kwa uongo mdogo wa adabu. Ukimeza dawa mbele ya wageni, huenda yuko mwingine kati yao aliyekuwa akiona haya, naye akapata ujasiri wa kwenda kupimwa. Huo nao ni ushuhuda.

Pili, kwenu wazee mliozaliwa na wasiwasi. Msidhani Mungu amewakataa kwa sababu mioyo yenu hutetemeka upesi. Tomaso alikuwa na moyo mgumu wa kuamini habari njema, lakini hakufukuzwa katika wale kumi na wawili. Bwana alimjia, akamwonyesha mikono yake. Uangalifu wenu ni kipawa, utumieni kuishika kliniki. Lakini jaribuni pia kila jioni kuhesabu kitu kingine pamoja na maradhi: mjukuu aliyekuletea maji, jirani aliyepita kukujulia hali, pumzi uliyoamka nayo. Si kwamba maumivu yataondoka. Ila yatapata majirani moyoni, hayatakaa peke yake.

Tatu, kwenu watoto mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Twajua maisha ni magumu na kodi ya nyumba haingoji. Lakini simu sasa iko karibu kila boma, hata kule ambako zamani barua ilichukua wiki mbili. Mkituma fedha bila ya sauti, mmetuma nusu. Mwulize mama hali, naye akisema hajambo, usikate simu. Ngoja ile "ila".

Nne, kwetu sisi wa kanisa. Injili ilipandishwa Sagalla mwaka 1883 na Joseph Wray, na leo kanisa katika nchi yetu lina wazee wengi ambao babu zao waliipokea. Wazee hao si wa kutajwa tu katika orodha ya maombi. Tunapokwenda kuwatembelea, tusiende kutafuta burudani ya roho zetu. Tuketi. Tuulize mara ya pili. Tuulize, "Dawa zipo? Nauli ya kliniki ipo? Nani alikuja kukuona juma hili?" Tusimsifu mtu kwa kuficha, wala tusimpime mtu imani kwa kulalamika kwake.

Labda mwataka kujua mwisho wa habari yetu. Baada ya siku ile tulianza kwenda kwa mama kila wiki mbili, na mmoja wetu akapata namba ya mwanawe, wakazungumza. Siku moja tukamwuliza, "Hujambo, mama?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Leo afadhali, wanangu." Tukaitazama daftari ya kliniki. Sukari ilikuwa vile vile, presha ilikuwa vile vile, macho yalikuwa na ukungu ule ule. Lakini yeye alijiona afadhali, na uso wake ulisema hivyo pia. Kilichobadilika ni kwamba alipata watu.

Na mzee wetu, Mungu alimwachia miaka miwili zaidi. Maneno yalirudi kidogo kidogo, kama maji ya mto Voi baada ya kiangazi. Hakupiga kifua tena. Tulipomwuliza hali, alikuwa akijibu polepole, "Leo siwezi sana. Niombeeni." Kisha anatabasamu kwa upande ule wa mdomo uliobaki na nguvu, na kutuonyesha kikombe cha maji na vidonge vya asubuhi. Ushuhuda wake wa zamani tuliupenda. Huu wa mwisho ndio uliotujenga.

Wapenzi wasikilizaji, leo kabla jua halijatua, yuko mzee mmoja unayemfahamu. Nenda ukamwulize, "Hujambo?" Kisha ukae chini.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyesimama kando ya birika na kumwuliza mtu mmoja kati ya wengi, uwatazame wazee wetu leo. Wale wacheshi uwape ujasiri wa kusema ukweli. Wale wenye hofu uwape utulivu. Wale walio na mwiba usioondoka uwape neema ya kuuchukua. Utusamehe sisi tuliopita upesi, ututie moyo wa kungoja na kusikia. Na siku ile utakapofanya vyote kuwa vipya, utusimamishe sisi sote pamoja nao. Amina.